Alizeti za Shina Moja

Jumatatu, 3 Machi
Leo tumekata ncha za alizeti, mimi na Mama, matuta yote. Ukikata ncha shina hugawanyika, mche mmoja ukakupa maua matano, sita. Mama alisita. Eti zimesimama vizuri hivi, tunazikata vichwa kwa kosa gani? Nikamjibu kwa ile sauti yangu ya darasani: niamini, Mama. Akaniamini! Akamtangazia jirani kwenye ua kwamba mwanawe hakwenda shule kukalia dawati.

Kwenye matuta hayo ndipo yalipokuwa mayungiyungi yake meupe. Miaka yote yalimpa hela ya sabuni. Mimi ndiye niliyesema yamepitwa na wakati. Akayang'oa, mizizi akampa jirani.

Jumatano, 12 Machi
Hakuna chipukizi. Hata moja! Mashina yamesimama kama penseli. Mama anamwagilia asubuhi na jioni. Zina haya tu, anasema, zitazoea.

Mama Ndoo amepita, yule muuza maua wa sokoni. Ametutengea ndoo mbili mbele ya meza yake, mwezi ujao. Tusipozijaza, anampa mwingine. "Mtaalamu, usije ukaniletea majani — sifugi mbuzi mimi!" Mama alicheka kuliko sote.

Jumapili, 16 Machi
Nimeisoma upya katalogi ya mbegu. Mwanzo nilisoma rangi, urefu, siku za kuchanua. Makundi niliyaruka. Mimi, ninayesoma hata maandishi ya pakiti ya chumvi!

Juu ya ukurasa kuna michoro miwili midogo. Kundi la matawi: kata ncha, upate maua mengi. Kundi la shina moja: huwahi kuchanua, shina moja ua moja — usikate ncha. Nilichagua zetu kwa sababu zinawahi. Basi ile ncha ndiyo iliyokuwa ua. Tumeyachuma yote kwa kucha, yakiwa hayajawa kitu.

Nikipanda leo, nimechelewa ndoo za Mama Ndoo. Majuto ni mjukuu, wanasema. Wangu amefika kabla ya mtoto.

Jumatano, 19 Machi
Sijamwambia Mama. Leo ameongeza mbolea.

Ijumaa, 21 Machi
Nilikusudia kusema wakati wa chai. Nikakuta mayungiyungi kwenye gilasi mezani. Kaleta jirani, Mama akasema, yamepapenda huko yalikohamia. Hakuna lawama ndani yake. Afadhali ingekuwepo.

Kisha akatoa katalogi yangu chini ya kitambaa cha meza. Miwani puani, kidole kwenye michoro. "Huyu ana matawi. Huyu hana. Zetu ni zipi, mwanangu?" Taratibu tu, kama anayeuliza chumvi iko wapi.

Nikasema nakuja, nanawa mikono.

Niko chumbani, naandika. Mikono mikavu. Namsikia anavuta kiti. Anavuta na cha pili.