Nilimwuliza Chiriku

Kwa kaka yangu mpenzi,

Natumaini barua hii itakukuta mzima, wewe na wifi na wale watundu wawili, na kwamba mgongo umeacha kukusumbua. Kama bado unainama siku nzima kuchomelea mageti bila kupumzika, usinilalamikie. Mimi sijambo. Bado nipo duka la miwani, nasaga vioo chumba cha nyuma, na kila jioni natoka na vumbi jeupe kichwani kama bibi kizee.

Uliniuliza kwa nini nimekaa miezi miwili bila kukuandikia. Sababu ni Chiriku.

Huyu ni binti wa miaka kumi na tisa anayepokea wateja pale mbele. Jina tulimpa sisi, maana alikuwa haishiwi maneno. Mtu anaingia kununua kamba ya miwani, anatoka ameshasimulia habari za ukoo wake mzima. Mchana tunakula pamoja juu ya meza ya mashine, na nampenda kama mdogo wangu wa tumbo moja.

Basi akaanza kunyamaza. Joto la kuchemsha ubongo, yeye kavaa mikono mirefu. Nikamtania, akacheka kwa adabu tu. Siku moja akampa mfagiaji redio yake, ile ambayo hakuruhusu hata tuiguse, na mimi akaniletea herini zake, akisema hazimfai tena. Alipoinua mkono kuchukua boksi la fremu, mkono wa nguo ukateremka, nikaona alama za majeraha.

Nikazima mashine, nikafunga mlango. Kaka, sikumzungusha. Nikamwuliza, "Unajiumiza? Unafikiria kujiua?"

Akasema, "Ndiyo." Akasema hakuna aliyewahi kumwuliza. Akalia, nami nikamshika. Sikumpa hotuba. Bosi aligonga mlango mara mbili, na mara mbili nikamjibu kwamba wateja wasubiri.

Kazi ilikuja aliponitaka niape kwamba sitamwambia mtu. Nikakataa. Nikamwambia siri zake nyingine zote nitazitunza, ila hii siwezi kuibeba peke yangu, na yeye pia hawezi. Akaniita msaliti. Nikamsindikiza hivyo hivyo, kanuna, mpaka kwa mama yake mdogo anayeishi naye, na sote watatu tukaenda kliniki mchana ule ule. Mama mdogo alitaka kumgombeza njiani, nikamkanyaga mguu.

Wiki mbili hakunisemesha. Ziliniuma, sikufichi. Siku ya kumi na tano akaja kwangu, akaketi jikoni, akaanza kunimenyea vitunguu bila kuombwa. Sasa anaonana na mshauri kila wiki. Siku nyingine anaamka vizuri, siku nyingine hataki hata kuoga. Jumatatu amerudi kazini, nusu siku. Jana kabishana na mteja mpaka sauti ikafika barabarani, nami kule nyuma nikamshukuru Mungu.

Siku ile ya vitunguu aliniuliza nilijuaje namna ya kumwuliza. Nikamweleza jambo ambalo wewe sijawahi kukuambia.

Unakumbuka nilipokuwa na miaka kumi na sita, baada ya kumzika mama, uliporudi kutoka kazini saa nne asubuhi suruali imepasuka nyuma? Ulisimama mlangoni umejiziba na gazeti, unalaani kitambaa, fundi na duka. Asubuhi ile, kaka, nilikuwa nimeamua kufa. Nikakushonea huku nakucheka, na nilipokata uzi nikaona siwezi kukufanyia hivyo siku hiyo. Kesho yake nikamwambia mwalimu wangu wa darasa, naye akanishika mkono mwaka mzima. Zile jioni za masomo ya ziada, nilikuwa kwake. Nilikuficha kwa sababu niliogopa utajilaumu. Lakini kila siku nilitamani uniulize.

Usijilaumu sasa. Mimi ni mzima, naandika haya mchana kweupe, tena nimeshiba. Ukitaka kulia, lia, kisha unipigie simu.

Msalimie sana wifi, uwabusu watundu. Chiriku, ambaye amesimama nyuma yangu anasoma bila ruhusa, anakuamkia, na anauliza siku hizi suruali zako anakushonea nani.

Mdogo wako akupendaye,
Kitinda mimba