Mistari ya Blanketi

Neema mjukuu wangu,

Marahaba. Sisi hapa mtaani Observatory tu wazima. Babu yako anakohoa, lakini bado anabishana na redio. Shangazi yako amepata mtoto wa kiume.

Umeuliza kama unaweza kulikata blanketi la Kisotho nililokutumia, ujishonee koti la huko kwenye theluji. Umeandika “naogopa kuikata”. Blanketi ni “kulikata”, mjukuu wangu.

Nilipokuwa fundi cherehani kijana, mgeni katika jiji hili, jirani yetu Mama Palesa aliniletea blanketi aliloachiwa na marehemu mama yake. Alitaka koti la kuvaa kwao Lesotho, siku ya kuweka jiwe kwenye kaburi la mama huyo. Nililikata mistari ikiwa imelala, maana hivyo ndivyo kitambaa kilivyotosha mikono.

Alilivaa, akajitazama kiooni.

“Eish, dada,” akasema. “Mistari yetu husimama, mtu akue kwenda juu. Wewe umenilaza kabla Mungu hajaniita!”

Alicheka, lakini machozi yalimlengalenga. Nilikuwa na maelezo mazuri kuhusu upungufu wa kitambaa. Niliyameza, nikamwomba anioneshe. Tulifumua pamoja, tukavigeuza vipande, na mikono haikupatikana. Alikwenda kwao na kizibao, mistari imesimama.

Basi likate. Ila kabla hujashika mkasi, jitande nalo mabegani, utazame mistari inaelekea wapi. Kitambaa kisipotosha mikono, vaa sweta.

Bibi yako akupendaye,
Zuhura