Neno la Kumuaga Mama Mei

Kalangalala, Geita
3 Juni 1953

Dada Mbuke mpendwa,

Shikamoo. Hamjambo huko? Sisi wazima.

Hili sijamwambia mtu: siku Mama Mei akiondoka, nitajificha. Ni yule Mchina, mke wa fundi seremala wa mgodini, ninayemfundisha Kiingereza tangu nimalize shule. Mkataba wa mumewe umekwisha, wanarudi kwao.

Jana aliniuliza maana ya goodbye. Nikamweleza kama masista walivyotueleza: zamani lilikuwa dua nzima, “Mungu awe nawe,” likasagika vinywani mwa watu hadi likabaki kipande. Siku hizi huagwa hivyo hata mtu anayetoka dukani, hata kitu ulichokikatia tamaa.

Akacheka. “Kwetu twasema zaijian, tuonane tena. Mwingereza anamwachia Mungu, Mchina anaahidi mwenyewe! Na ninyi Wasukuma?”

Nikasema sisi tunasindikiza. Asiyesindikizwa anajua amefukuzwa. Lakini mimi nitalia mbele za watu, Dada.

Mdogo wako,
Limi

Shinyanga
20 Juni 1953

Mdogo wangu Limi,

Marahaba. Tunaendelea vizuri, ila shemeji yako Maganga anakohoa.

Usijifiche, mjinga we! Nilipoolewa na Mwislamu, Baba alikataza nisisindikizwe, na Mama akatii. Nilikwenda hadi njia panda nikilisikia jiwe lake la kusagia, kru, kru, halikusita hata kidogo. Mpaka leo nalisikia. Ndiyo sababu siji nyumbani.

Mbebee mzigo huyo mama.

Dada yako,
Mbuke

Kalangalala, Geita
11 Julai 1953

Dada mpendwa,

Shikamoo. Mpe shemeji pole ya kikohozi.

Nimemsindikiza, kikapu chake kichwani mwangu. Kwenye lori akasema goodbye, kisha zaijian. Lori lilipoondoka nikaendelea kulifuata kwenye vumbi, nikilia, mpaka utingo akapiga kelele, “Binti, utafika China kwa miguu!” Mama Mei akacheka, naye akilia.

Dada, siku ile aliyekuwa akisaga ni mimi. Mama alinikalisha kwenye jiwe akaninong'oneza, “Usiache, baba yako asijue nimetoka.” Akapita ndani ya mtama akikufuata hadi mtoni. Aliporudi, miguu yake ilijaa matope. Akanisogeza, akaendelea kusaga.

Njoo. Ila usimwonyeshe Mama kwamba unajua, wala usimwambie mtu. Yeye anadhani hata mimi nilisahau.

Mdogo wako,
Limi