Jiwe la Kijani la Baba

Kaka yangu mpendwa,

Huku hatujambo, mama anakusalimu, na lile paa halivuji tena. Jumamosi nilimpeleka baba kwenye maonyesho ya vito na mifupa ya kale iliyogeuka mawe. Laiti ungemwona! Miaka arobaini ya kukata vito haikupotea bure. Muuzaji mmoja alilimwagia sifa jiwe la buluu mpaka mate yakamkauka. Baba akaligusisha mdomoni, akasema, "Hiki ni kioo, mwanangu. Jiwe la kweli halipati joto upesi hivi." Watu wakaacha meza zao, wakamfuata yeye. Nami nyuma yake, kifua mbele!

Mwishoni akakuchagulia jiwe, akalisugua kwa kidole gumba. "Mpelekee kaka yako hili la kijani. Anapenda kijani tangu utotoni."

Nikajibu, "Zuri sana, baba."

Nimekufungia jiwe hilo humu kwenye pamba. Ukilifungua utaona ni jekundu kama nyanya. Hajatuambia kitu, nami sijathubutu kumuuliza. Akikupigia simu, sifia kijani chake. Kisha njoo, kaka, angali anaona japo kivuli chako mlangoni.

Mimi, kitindamimba wenu.