Kuchagua Kitabu cha Examen

Bunia, Nyakasanza

Yaya yangu mupenzi Micheline,

Nakusalimia sana kwa jina la Bwana. Habari za Kisangani? Shemeji Roger na watoto wako namna gani, na ule mugongo wako, uliacha kukusumbua? Siye huku tuko wazima. Mama iko na nguvu, anatwanga majani yake ya sombe mwenyewe na hataki mutu amusaidie. Mimi tu ndiye ninakosa usingizi. Nakuandikia kwa sababu kwa simu Mama anasikia yote. Nyumba yetu ya kupanga weye unaijua, ukuta wake hauzuii sauti.

Ulishasikia kama chef wetu, musimamizi wa projet za maji, anaacha kazi. Directeur wa shirika letu aliniita mu biro, ofisini kwake, akaniambia nafasi yake itakuwa yangu, kama nitapita ile examen, mutihani wa kusimamia projet. Nilitoka mule nikicheka, lakini tangu siku ile roho haitulii.

Sababu ni vitabu, yaya. Constant, mwenzangu wa kazi, alinipa fotokopi ya kitabu kikubwa cha Kifaransa. Nilipofika katikati, Faida wa compta, yule wa hesabu, akaniambia nikiache, kwani examen imebadilika na kile ni toleo la zamani. Yeye mwenyewe alikisoma, akaanguka. Toleo jipya liko, lakini ni la Kiingereza, na Kiingereza changu kinaishia kwa salamu. Kasereka naye, dereva wetu aliyesoma kuliko siye wote, anasema nijibu tu maswali ya mazoezi mu simu. Nilijaribu. Swali moja liliuliza: hatari imeonekana mahali pa kazi, chef afanye nini kwanza? Nilijibu awatoe watu. Simu ikakataa, ikasema aangalie kwanza mupango wa hatari. Nikaizima.

Basi nikawa mutu wa kuhamahama. Leo kitabu hiki, kesho kingine, na mwisho wa kujiandikisha unakaribia. Kila aliyepita mbele yangu nilimuuliza. Siku moja Faida akachoka nami. Akaniambia wazi: "Falone, weye hautafuti kitabu. Uko unatafuta njia ya kukimbia."

Yaya, alisema kweli, nami nakufungulia roho yangu. Ile nafasi haiko ya Bunia. Projet mupya ya maji itafanywa Fataki, na atakayepita ndiye atakayekwenda kukaa kule. Fataki yetu, yaya, kule tulikotoka mbio wakati wa vita, kule tulikomuacha Baba bila hata kumuzika. Siogopi kuanguka. Naogopa kupita.

Nilikuwa namuficha Mama. Jumapili, tulipotoka kanisani, nilishindwa, nikamuambia yote njiani. Nilingoja alie, ama anikataze. Alitembea akifungua na kufunga kitambaa chake cha kichwa. Kisha akaniuliza watu waliorudi kule wanakunywa maji gani. Nikamuambia, ya mutoni. Akasema: "Basi soma, upite. Lakini siku utasikia hata mulio mumoja wa bunduki, usingoje kuambiwa na mutu. Rudi." Tulipofika nyumbani akajifungia chumbani, nami nikakaa mulangoni nikimusikia akilia.

Kesho yake nilijiandikisha. Nimechagua toleo jipya, lile la Kiingereza. Faida naye anataka kurudia examen, basi kila jioni kisha kazi tunabaki mu biro: yeye, anayejua Kiingereza kidogo, anasoma na kunifasiria, mimi ninamurudishia kwa Kiswahili chetu mpaka siye wote wawili tumeelewa. Tunakwenda polepole kama watu waliobeba mayai. Woga bado uko kila tunapofungua ukurasa mupya. Tofauti ni kwamba sasa ninaogopa huku ninasoma.

Ukipiga simu, usimuulize Mama habari ya Fataki. Ngoja aitaje mwenyewe. Musalimie sana shemeji, na watoto uwakumbatie mumoja mumoja kwa ajili yangu. Mama anakusalimia, anasema umwandikie hata kama hauna habari.

Na uniombee, yaya. Omba nipite. Ukimaliza ombi hilo, usisimame haraka. Omba na la pili, lile unalolijua: nirudi muzima.

Ni mimi, mudogo wako,
Falone