Sindano Mbili na Ubeti wa Mama

4 Machi

Kitindamimba wangu mpendwa,

Natumai waraka huu utakukuta u mzima wa afya, na kwamba kazi yako ya ufundi wa sauti hapo kituoni inakwenda vyema. Mimi sijambo, isipokuwa magoti, ambayo nayo sasa yanadai kustaafu. Paka hajambo. Nakuandikia badala ya kukupigia kwa kuwa simu za siku hizi zimejaa watu wanaonong'ona, nawe, nasikitika kusema, u miongoni mwao.

Nina haja moja. Unaikumbuka santuri ya kwaya ya kiwanda cha nguo, ile ambamo mama yako aliimba ubeti wa tatu peke yake. Tangu tulipomzika, huisikiliza kila Jumapili kabla sijatia kitu kinywani. Sasa, mwanangu, mama yako anafifia. Besi zinanguruma, kinanda kipo. Ukifika ubeti wake, ni kama mtu aimbaye nyuma ya ukuta. Na mwanzo wa ubeti ule ndio wenye kesi yetu: mimi nikimwambia aliingia mapema, yeye akisema mpiga kinanda ndiye aliyechelewa. Kesi ile haijafungwa.

Sindano imechakaa. Nichagulie nyingine, unirudishie mama yako.

Ni mimi baba yako


19 Machi

Shikamoo Baba,

Huku tu wazima. Barua yako nimeisoma nimesimama wima, maana ulivyoiandika ni kama uko mbele ya gwaride la asubuhi. Mwalimu mkuu hastaafu!

Baba, usibadilishe sindano peke yake. Tubadilishe kichwa chote, yaani kile kidubwasha kilicho kwenye ncha ya mkono wa mashine, kinachoibeba sindano. Lakini kichwa huchaguliwa kama mchumba: lazima kipatane na ukoo mzima. Mkono wa mashine ni mzito au mwepesi? Amplifaya ina tundu la kuchomekea waya wa santuri? Spika ni zipi, na zimekaa wapi?

Mwanao


6 Aprili

Mwanangu,

Marahaba. Natumai hujambo. Najibu posa yako kwa utaratibu. Mkono ni wa chuma, mzito kama wa askari. Amplifaya ni ile ile ya fedha, nayo ina tundu la santuri, moja. Spika ni zile za mbao zilizo juu ya kabati. Ya kulia haina kitu, ya kushoto hulaliwa na paka, kwa kuwa ina joto. Nilipomhamisha alinitazama kama mzazi aliyeitwa shuleni bila sababu.

Baba yako


28 Aprili

Shikamoo Baba,

Pole kwa magoti, na msalimie mheshimiwa paka. Nimekutumia kichwa chenye sindano ya ncha ya mviringo. Mkono mzito unataka sindano ngumu kidogo, isiyoyumba, na santuri iliyochezwa sana inataka ncha isiyochokoza mikwaruzo. Sauti yake ni ya upole, haina haraka. Itapatana na mbao za spika zako. Mwambie fundi redio wa mtaani akufungie. Wewe usiguse nyaya.

Kitindamimba


9 Juni

Mwanangu,

Natumai u mzima. Fundi amefunga, nami nikakaa kitini nimevaa shati la kutokea. Besi zimekuwa kama zulia. Lakini mama yako bado yuko nyuma ya ukuta. Labda upole huu ndio unaomficha. Tafuta kichwa kikali zaidi, hata kama kitachokoza.

Baba yako


17 Agosti

Mwanangu,

Salamu nyingi. Kichwa cha pili, chenye ncha nyembamba, kilifika salama. Nasikitika kukuarifu kwamba nacho ni bure. Nimeongeza sauti hadi mwisho, mama yako hatoki. Jirani yangu, fundi cherehani, amekuja kugonga: "Mzee, hiyo sauti inachoma kama msumari kwenye bati!" Nikamwambia, "Bibi, ungekuwa msumari ningeusikia."

Haya yote yanakuja pamoja. Birika nalo limeacha kupiga mluzi, likaungua tako. Jirani yule yule akaja mbio, akasema lilikuwa likipiga mayowe hadi kwake. Nikamwambia asinitanie. Vitu vya siku hizi havidumu.

Baba yako


30 Agosti

Shikamoo Baba,

Nilisoma habari ya birika nikacheka, kisha nikaacha kucheka.

Baba, nivumilie. Simu zinanong'ona. Birika halina mluzi. Jirani anachomwa na sauti usiyoisikia wewe. Nami nilikaa hapa nikipima mkono, amplifaya, spika na hata paka, nikasahau kwamba mwisho wa mtambo wote ni sikio. Sidhani kasoro ni sindano. Nenda kwa daktari wa masikio, nakusihi. Mama hajaondoka kwenye santuri. Yuko pale pale.

Nakupenda.

Mwanao


2 Oktoba

Shikamoo Baba,

Hujajibu. Sitaitaja tena habari ile. Niambie tu kama paka hajambo.

Mwanao


11 Novemba

Kitindamimba wangu,

Marahaba. Paka hajambo. Mimi nilinuna. Mtu aliyetumia umri wake kuwaambia watoto wa watu "sikilizeni!" hapendi kuambiwa kwamba asiyesikia ni yeye. Na kulikuwa na hofu. Ikiwa kasoro ni sindano, kuna duka. Ikiwa ni mimi, ni duka gani litakaloniuzia mama yako?

Hata hivyo nilikwenda. Wahenga walisema sikio la kufa halisikii dawa. Daktari anasema langu halijafa, limesinzia. Sauti nene linazipitisha, nyembamba linaziacha mlangoni. Amenipa vifaa viwili vya kuvaa masikioni, vidogo kama mbegu za boga. Siku ya kwanza magazeti yalinipigia kelele, vijiko vikagombana, na paka, kumbe, hukoroma.

Jumapili nikaicheza santuri kwa kichwa kile chenye ncha nyembamba. Niliruka kitini! Nimekwenda kumwomba jirani radhi. Kisha fundi redio akanirudishia cha kwanza, kile cha mviringo, ulichosema hakina haraka. Kwaya ikapita. Kinanda kikapita. Halafu pumzi: mama yako akivuta pumzi. Halafu yeye. Kule juu kabisa bado kuna ukungu kidogo, lakini ni yeye, mwanangu. Hukukosea kuchagua tangu mwanzo.

Na aliingia mapema. Waziwazi, bila shaka yoyote. Nilikuwa sahihi miaka yote ya ndoa. Nikageuka kuelekea jikoni ili nimwambie.

Sikujua kwamba mtu anaweza kushinda kesi na kukosa wa kumringia.

Baba yako


24 Novemba

Shikamoo Baba,

Hakuingia mapema. Mpiga kinanda alichelewa, na kila mwenye masikio anajua.

Nimepewa likizo, nakuja mwezi ujao. Acha kichwa cha mviringo mahali pake, na umwondoe paka kwenye spika ya kushoto, maana ushahidi wetu uko upande huo. Mimi nitakaa kiti cha upande wa jikoni. Jiandae kushindwa.

Wakili wa Mama