Baba Nasra, Nimekwenda Kwenye Barafu Peke Yangu

Baba Nasra,

Amani ikufikie huko uliko. Nimerejea Guangzhou juzi, mzima wa mwili, ila moyo bado haujatua. Lifti ya jengo letu ikitikisika kidogo tu, nashika ukuta. Nje joto la kuchemka, jasho linanitoka, na miguuni nasikia baridi. Nimekwenda, mume wangu. Ile safari uliyoilipia ungali mzima, nafasi mbili kwenye meli ndogo ya kwenda kaskazini kabisa mwa dunia, nimekwenda mimi na nafasi yako tupu.

Unakumbuka nilivyokucheka? Nilikuuliza, "Mtu wa Kariakoo anatafuta nini kwenye barafu?" Ukanijibu, "Mama Nasra, miaka yote hii napakia makontena ya watu kule bandarini Nansha. Meli zinaondoka, mimi nabaki getini. Na mimi safari hii niondoke." Ukaondoka kweli, lakini si kwa meli.

Nilipomaliza eda, wale wenye meli wakaandika kuuliza kama bado tunakuja. Nikampigia Nasra kule Dar, mimba yake bado changa. Akasema, "Mama, na wewe ukipotea, mimi nibaki na nani?" Nduguyo Hamadi naye hakunyamaza. "Shemeji, mjane wa juzi, bila maharimu, katikati ya watu usiowajua, unakwenda kutazama dubu? Funga ofisi yenu ya mizigo, rudi Dar ukae na watu." Unajua siwezi kuogelea. Hata pale Kigamboni mlikuwa mnaingia majini, mimi nabaki kulinda viatu.

Asubuhi naamua siendi. Mchana najikuta Shisanhang, kwenye maduka yetu ya jumla, natafuta koti zito watu wakinishangaa. Sijui niliamua lini. Nadhani sikuamua. Niliogopa zaidi kubaki kwenye ile nyumba nikisikiliza simu yako inavyolia, maana wateja bado wanapiga.

Meli ilikuwa ndogo kuliko ulivyonionyesha kwenye picha. Abiria hatukujaza hata meza mbili. Chumba nikapangwa na mama mmoja wa kutoka hapa hapa Guangzhou, mwalimu mstaafu, anaitwa Chen. Nikamwita Ayi, shangazi. Kichina changu unakijua, cha sokoni. Kukataa bei naweza, kulalamikia mshono naweza. Neno la kusema "naogopa" sina. Na niliogopa kila saa. Barafu inagonga ubavu wa meli kama mtu anayetaka kufunguliwa. Jua halizami kabisa. Nilisali kwa saa za mji wa mbali ambako bado linazama, kama sheikh alivyokujibu ulipomuuliza, na kila nikisalimu namaliza nikijiuliza kama nimesali kwa wakati.

Siku moja tukashushwa ufukweni kwa boti ya mpira. Aliyetuongoza ni msichana mrefu mwenye bunduki begani kwa ajili ya dubu. Wakati wa kurudi, ukungu ukatuangukia. Upepo ukasukuma barafu ikaziba mdomo wa ghuba, na meli hatukuiona tena. Yule msichana akaongea kwenye redio, akasikiliza, akaongea tena. Nilimtazama uso. Alikuwa na hofu, Baba Nasra, na alikuwa anaificha vizuri. Akasema tushikane na tusinyamaze, anataka kusikia sauti ya kila mtu.

Basi Ayi Chen akaniuliza, "Mume wako yuko wapi?"

Mdomo ukajibu wenyewe: "Amerudi Afrika. Ana kazi." Ndivyo nilivyokuwa nawajibu Shisanhang nzima tangu tukuzike. Siku ya kwanza nilishindwa kusema, na baada ya hapo ikawa ndiyo habari yako.

Pande la barafu likatugonga. Boti ikainama upande wangu, maji yakanimwagikia mapajani, nikapiga kelele. Nikaanza Ayatul Kursiy, niliyoijua tangu chuoni kwa mwalimu, ikanipotea katikati. Nikarudia, ikapotea pale pale. Nikawaza: nikifa hapa, neno langu la mwisho juu yako litakuwa la uongo.

Nikamshika Ayi mkono. "Hapana. Amekufa."

Hakunipa pole. Alivuta mkono wangu akauingiza ndani ya koti lake, akauliza, "Alikuwa mtu wa namna gani?"

Nikatafuta maneno, nikakuta ya sokoni tu. Nikamwambia ulikuwa mali halisi, si feki. Kwamba ungegeuzwa ndani nje, mshono ni ule ule. Ayi akacheka, na mimi nikacheka huku nalia, mpaka yule msichana akageuka kututazama. Nikaendelea. Nikamweleza unavyokoroma, unavyoweka sukari kwenye kila kitu, ulivyombeba Nasra begani siku ya kwanza ya shule. Nilikuwa bado nasema honi ya meli iliposikika, mbali, upande ambao hakuna aliyekuwa akiutazama. Wakaja na boti nyingine, wakatufungulia njia taratibu. Kwenye ngazi walinivuta kama robota la nguo.

Sikurudi shujaa. Nilishuka tena kwenye ile boti mara moja tu, na dubu nilimwona akiwa mbali sana, kadoa ka njano kwenye weupe. Ungefurahi. Nilisimama pale nikatamani kumpiga mtu kwa sababu hukuwepo.

Jana nilikwenda Shisanhang, kwa yule mama tunayenunua kwake tangu Nasra yuko darasa la kwanza. Akauliza unarudi lini. Nikamwambia. Akakaa juu ya mzigo, akawazuia wapagazi kwa mkono, akasema, "Chai yake bado ninayo." Tukainywa pamoja, watu wakitupita.

Hamadi nimemwambia nitakuja Dar Nasra akikaribia kujifungua, kisha nitarudi kazini. Amekasirika. Kesho linapakiwa kontena la kwanza bila wewe. Nitasimama mimi pale Nansha. Sijui hata mlango wa kuingilia. Nitauliza.

Ulale salama, Baba Nasra. Mungu akupanulie kaburi lako. Nitakulilia sana bado, na nitaogopa sana bado. Lakini atakayeniuliza ulipo, nakuahidi, sitamwambia tena kwamba umesafiri.

Mkeo,
Mama Nasra